Mtoi Hajarogwa: Swali Moja Hakuna Mtu Huuliza Kuhusu Watoto wa CP

Kuna mathe mmoja kwa ploti yetu, ana miaka 22. Mtoi wake ana miezi 10 na shingo bado haijakaza. Ukimbeba lazima umshike kichwa vile unashika mtoto wa wiki moja. Ngumi zimekunjwa, miguu inajikaza na kupishana kama makasi ukimwinua, na kumlisha uji ni kazi ya saa nzima. Pale kwa ngazi, mahali wamama hukaa wakingoja nguo zikauke, kesi yake iliamuliwa kitambo. Wa kwanza alisema ni nyanya wa upande wa baba hakufurahia huyo msichana. Wa pili akasema kitovu kilianguka vibaya. Wa tatu, shosh wa mlango wa mwisho, akamwambia, "Mwanangu, wewe enda kesha ya Ijumaa tu, hii si ya daktari." Na baba mtoto, jamaa wa boda, alisema kwao hakunanga watu hivyo. Akabeba godoro akahama.

Nimeskiza hizo story wiki kadhaa, na kusema ukweli sikuwa na la maana la kuongeza. Halafu siku moja tukiwa tunachota maji nikamuuliza kitu hata mimi sikuwa nimefikiria kuuliza mbeleni: akizaliwa, alilia?

Akanyamaza kidogo. "Hapana. Walimbeba mbio wakampeleka kwa meza ingine. Nilikuwa naskia tu masista wakiongea haraka haraka. Nilikuja kumwona kesho yake jioni, amewekwa mirija."

Mimi si daktari, na hakuna mtu anaweza kusimama kwa foleni ya maji aseme kwa uhakika nini ilifanya nini. Lakini madaktari wa watoto huanzia hapo. Alilia saa ngapi? Alinyonya siku ya kwanza? Macho yaligeuka manjano? Alipata degedege? Alilazwa siku ngapi? Nyanya wa upande wa baba hayuko kwa hiyo orodha.

Hii hali inaitwa mtindio wa ubongo. Mtaani na hata hosi wengi tunasema CP tu. Ubongo wa mtoto unaumia ukiwa bado unajengwa: akiwa tumboni, akizaliwa, ama miaka ya kwanza ya maisha. Jeraha lenyewe halisambai kama ugonjwa, lakini kila kitu kinachofaa kujengwa juu yake, shingo, kukaa, kumeza, kuongea, kinapata shida. Pale Iganga na Mayuge, mashariki ya Uganda, watafiti wakiongozwa na Angelina Kakooza-Mwesige wa Makerere walizunguka boma kwa boma wakitafuta hao watoto, juu walijua hawatawapata kwa kungoja hosi. Majibu yakatoka 2017: karibu watoto 3 kwa kila 1,000. Na kwa kama robo yao, jeraha lilionekana kuja baada ya mwezi wa kwanza, sanasana malaria ya kichwa na degedege. Kwa nchi tajiri hiyo sehemu ni ndogo sana.

Walirudi tena miaka kadhaa baadaye kuona hao watoto wanaendeleaje. Hapo ndio ngori. Watoto wenye CP walikuwa wanakufa kwa kiwango kinachozidi mara 20 cha watoto wengine wa area hiyo hiyo. Malaria na maambukizi mengine, vitu ambavyo mtoto mwingine angepona. Kwa hivyo ukiona mtaani kwenu hakuna watoto wengi wa CP, usifikirie hawakuzaliwa.

Sasa turudi Kenya, juu kuna hesabu moja hapa inafaa itukosee usingizi.

Kwa miaka mingi wamama waliambiwa: wacheni kuzalia kwa keja, kujeni hosi. Gava ikaondoa ada ya kujifungua Juni 2013, baadaye ikaja Linda Mama. Na wamama wakaskia. Utafiti mkubwa wa kitaifa wa afya, ule wa KDHS, unaonyesha 2014 asilimia 61 ya watoto walizaliwa hosi. Kufika 2022 ilikuwa asilimia 82. Hiyo si kitu ndogo. Kuna watu walitembea usiku, wakapanda boda wakiwa na uchungu, wakalala watatu kwa kitanda, ndio hiyo namba ipande.

Sasa angalia namba ya pili. 2014, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa wakiwa hai, 22 walikufa kabla ya kumaliza mwezi mmoja. 2022 walikuwa 21.

Soma tena. Wamama walifanya upande wao wote, na namba ya watoto wachanga wanaodedi ikashuka na mmoja. Kwa hao watoto wanaokufa wiki ya kwanza, sababu kubwa ni zile zile: kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, maambukizi. Na hizo hizo ndizo zinaumiza ubongo wa wale wanaopona. Mtoi akifa anahesabiwa. Akipona na ubongo umejeruhiwa, anapewa likizo ya kwenda nyumbani akiwa kwa orodha ya waliofaulu.

Kwa hivyo swali si eti mama alikula nini ama alimkosea nani. Swali ni, akishafika pale leba, alikutana na nini?

Wacha nieleze dakika ya kwanza vile inakuwanga. Karibu mtoto 1 kati ya 10 huhitaji kusaidiwa kidogo ndio aanze kupumua. Wengi wao, ukiwakausha na taulo na kuwasugua mgongo, wanalia na story inaisha. Wachache wanahitaji mfuko wa kupuliza hewa na maski ya kutosha uso wao mdogo. Hiyo mfuko haitumii stima. Haihitaji profesa. Inahitaji tu kuwa mahali inafaa kuwa, isiwe imefungiwa kwa kabati na funguo iko na mtu wa shifti ya mchana, na iwe kwa mkono wa mtu amefanya mazoezi nayo mwezi huu, si miaka minne iliyopita chuoni.

Majirani wetu Tanzania walijaribu hiyo kitu kwa hospitali 8. Wakafunza wakunga na manesi kwa kutumia mwanasesere, wakilenga dakika ya kwanza pekee. Matokeo yakachapishwa 2013: vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kwa asilimia 47. Karibu nusu! Hakuna mashini ya mamilioni ililetwa kwa kontena.

Sasa kwetu. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust pale Nairobi walikaa ndani ya wodi za watoto wachanga wakihesabu kazi ya manesi: nani alilishwa, nani alipimwa joto, nani alibadilishwa. Kwa hosi za umma walikuta nesi mmoja akiangalia zaidi ya watoto kumi kwa shifti moja, na kazi nyingi za muhimu zikiachwa bila kufanywa. Fikiria hao watoto wote ni wagonjwa, wengine kilo moja na nusu, wengine wako na oksijeni. Wewe umewahi kuangalia watoto wawili wa kakako Jumapili moja ukachoka hadi ukapigia mama yao simu arudi.

Kwa hivyo kabla uingie TikTok kumrarua nesi, jua hiyo. Kuna wengine wana mdomo mchafu, ndio, na mathe wetu hapa kwa ploti ana story yake ya kuambiwa "usipige kelele, wakati wa raha hukupiga." Hiyo haina msamaha. Lakini hata nesi mwenye roho ya dhahabu hana mikono 26.

Na hapo sijagusa mgomo. 2024 madaktari waligoma siku 56 nchi nzima. 2025 Kiambu peke yake ilikaa karibu siku 150 bila madaktari wa kaunti. Tukibonga kuhusu mgomo huwa tunahesabu mishahara, mikataba, nani alitukana nani kwa mkutano. Mtoto aliyezaliwa usiku wa hiyo migomo bila mtu wa kumfanyia mama yake upasuaji kwa wakati hatajulikana leo. Ataanza kuonekana akifika miezi 9 na hajakaa. Hakuna kamati ya bunge itaunganisha hizo tarehe mbili.

Najua kuna msee hapo anasema: si wanunue tu mashini kama za majuu? Hii nayo inafaa uijue, juu ilinishtua.

Ulaya na Marekani, mtoto aliyekosa hewa sana akizaliwa hupoozwa. Sio kupooza ya miguu, namaanisha mwili unashushwa joto hadi kama nyuzi 33.5 kwa saa 72 ndio ubongo upumzike na uharibifu upungue. Inafanya kazi huko, na imeokoa wengi. Basi watafiti wakaipeleka India, Sri Lanka na Bangladesh, hospitali 7, watoto 408. Nusu wakapoozwa, nusu wakapewa matunzo ya kawaida. 2021 matokeo yakatoka. Kwa wale waliopoozwa, asilimia 42 walikufa. Kwa wale hawakupoozwa, asilimia 31. Dawa inayookoa London ilizidisha vifo huko.

Mbona? Watafiti bado wanavutana. Kuna wanaosema hao watoto waliumia tofauti, wengine polepole tangu tumboni, wengine na maambukizi juu yake, na baridi haikuwa jibu la shida yao. Lakini kwa mtu wa kawaida kama mimi inamaanisha kitu kimoja: utafiti wa watoto wetu hauwezi kukopwa. Lazima ufanywe kwa watoto wanaozaliwa hapa, na shida za hapa.

Na poa ni kwamba tuko nao. Pale Kilifi, kando ya hospitali ya kaunti, KEMRI na Wellcome Trust wamekuwa wakisoma ubongo wa mtoto tangu 1989. Wengi wetu tunajua Kilifi ya madem, ufuo na sherehe za mwisho wa mwaka. Hii ingine hatuijui.

Wakianza, kitu kilikuwa kinajaza wodi ni malaria. Mtoto anaingia na homa, anakakamaa, macho yanapinduka, mikono inapigapiga. Pwani wazee waliita hiyo nyuni, yaani ndege, na Tanzania ni degedege, na wengi waliamini ni pepo la ndege limempitia mtoto juu. Ukiangalia hiyo mikono ikipapatika unaelewa jina lilitoka wapi. Shida ni kwamba ukiamini ni ndege, unaanza kwa mganga, na malaria hainanga subira. Charles Newton na wenzake walitaka kujua mtoto akishaamka na kwenda nyumbani, kichwa kinabaki vipi. Walipowafuata, karibu mmoja kati ya wanne wa waliopona malaria kali ya kichwa alikuwa amebaki na shida: kuongea, kukumbuka, kutembea, kifafa. Utafiti wa Kampala kwa watoto wa hospitali ya Mulago ulikuta karibu hesabu hiyo hiyo miaka miwili baadaye.

Kwa hivyo ule mtoi wa shule anaitwa mjinga na hakumbuki chochote, labda 2019 alilazwa na malaria. Nani aliuliza?

Ndio maana chanjo ya malaria, ile ilianza kupewa watoto magharibi ya Kenya 2019, si ya kuzuia vifo tu. Na ndio maana Marekani ilipokata misaada mwanzo wa 2025 na miradi mingi ya malaria ikatikisika, hasara yake hutaiona yote kwa hesabu ya vifo vya mwaka huo.

Kifafa ndio kinaniuma zaidi, juu hiyo iko na dawa. Utafiti wa sehemu tano za Afrika, Kilifi ikiwa mojawapo, ulichapishwa 2013 na ukaonyesha kwa watoto, shida za wakati wa kuzaliwa na kuumia kichwa ndizo ziko mbele kwa sababu za kifafa. Si laana. Na kuna vidonge vya bei nafuu, vya kitambo, vinavyotuliza wagonjwa wengi. Lakini walipopima damu za watu wenye kifafa kule Kilifi, zaidi ya nusu hawakuwa kwa matibabu inavyofaa. Wengine walikuwa wanaamini si ya hospitali. Wengine dawa iliisha kwa zahanati na fare ya kwenda hosi kubwa ni kuku mzima. Na huyo mgonjwa asiyetibiwa ndiye anaanguka kwa jiko, anaungua, halafu mtaa unasema pepo limemsukuma kwa moto. (Na tafadhali, mtu akianguka usimwekee kijiko mdomoni. Mlaze upande, toa vitu vya kumuumiza, angalia saa. Ikipita dakika tano, hosi mbio.)

Kuna hii ya manjano, na hapa naongea na wale mko na tumbo ama mko na dem ako na tumbo, juu inaweza kukuokolea mtoto wiki ya kwanza.

Watoto wengi wachanga hugeuka manjano kidogo kuanzia siku ya pili ama ya tatu na inaisha. Ni kitu kinaitwa bilirubini, kinatoka kwa damu ya zamani ikivunjwa. Ikizidi sana inaingia ubongo, na hapo inaweza kuharibu kusikia na kuacha mtoto na CP ya aina ya kujipindapinda. Uzuri ni kwamba inazuilika kwa taa. Kabisa, taa za bluu. Na hii haikuvumbuliwa na mtu wa maabara. 1956, kwa hospitali ya Rochford pale Essex, Uingereza, sista mmoja anaitwa Jean Ward alikuwa anapenda kutoa watoto nje wapate jua. Siku moja akavua mtoto nguo mbele ya madaktari, ngozi ilikuwa imepauka kila mahali isipokuwa pembe tatu ya manjano. Pale shuka ilikuwa imefunika. 1958 madaktari wakaandika habari za taa ya kwanza.

Kwa ngozi yetu manjano haionekani kirahisi, na keja ya mabati yenye dirisha moja ni giza saa sita mchana. Mtoe kwa mwangaza. Angalia weupe wa macho, bonyeza pua ama ufizi na kidole uachilie uone rangi. Ikiwa imeonekana siku ya kwanza kabisa, ama imeshuka hadi kwa nyayo, ama mtoto analala sana na hataki kunyonya, hiyo si ya kungoja kliniki ya wiki ijayo. Na usidanganywe ati jua la dirishani litatosha. Sista Ward alifungua njia, lakini leo unataka kipimo cha damu na taa ya kweli.

Kitu kingine: zile mipira nyeupe zenye harufu kali za kuzuia nondo kwa nguo. Mathe anahifadhi nguo za mtoto wa kwanza kwa sanduku na hizo mipira, halafu anamvalisha wa pili. Kuna watoto wamezaliwa na damu ambayo haivumilii hiyo kemikali. Chembe zinavunjika na manjano inapanda haraka. Hiyo hali ya damu ni ya kawaida sana Pwani na upande wa ziwa, kwa sababu ni mahali malaria imekaa na watu miaka mingi. Nguo za mtoto fua, anika, vaa. Hiyo mipira wacha ikae na suti ya mzae.

Sasa tuseme kila kitu kilienda vibaya na mtoto ameumia. Imeisha? Hapana, na hapa ndio system yetu inaniudhi.

Ubongo wa mtoto wa miezi minne bado unatafuta njia. Mazoezi ya mapema hayamponyi, lakini yanaamua kama atakaa ama atalala, kama atameza ama atapaliwa na uji hadi uingie kifuani. Kwa hivyo kumjua akiwa na miezi minne si sawa na kumjua akiwa na miaka miwili. Kilifi walishughulikia hii pia. Vipimo vya kutoka majuu vilikuwa na michezo na picha ambazo mtoto wa Ganze hajawahi kuona, kwa hivyo anafeli kabla ya kuanza. Amina Abubakar, mwanasaikolojia wetu Mkenya, na wenzake wakaunda kipimo chao, Kilifi Developmental Inventory, cha watoto wa miezi 6 hadi 35, kinachotumia vitu ambavyo mtoto wa hapa anavijua. Kilichapishwa 2008. Mtu aliyefunzwa anaweza kukifanya bila kuwa daktari.

Hicho kitabu cha kliniki cha mama na mtoto unachopewa pia kina ukurasa wa hatua za mtoto. Shingo miezi mitatu minne. Kukaa bila kushikwa, Shirika la Afya Duniani lilipima watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani likakuta karibu wote wanakaa kabla ya miezi 9 na kidogo, na wanatembea kabla ya miezi 18. Ukurasa uko. Lakini ukienda kliniki mtoi anapimwa kilo, anadungwa, anayefuata. Mathe wetu alienda kliniki zote. Zote, kitabu kina mihuri. Alipouliza kuhusu shingo akiwa na miezi mitano aliambiwa wavulana huchelewa.

Ni miezi 10 ndio amepata barua ya kwenda kwa mtu wa mazoezi hosi ya kaunti. Mara mbili kwa wiki. Fare ya boda na mathree kwenda na kurudi ni soo mbili, na siku hizo mbili hawezi kufua nguo za watu, ambayo ndiyo kazi yake. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inalipa hosi 10,000 kwa kujifungua kawaida na 30,000 kwa upasuaji, na asiye na mwajiri anatakiwa kulipa ya mwaka mzima, angalau 3,600. Sawa. Hiyo ni ya siku moja ya kuzaa. Rais alitia sahihi sheria mpya ya watu wenye ulemavu 2025, nayo ina maneno matamu. Lakini hakuna mahali kwa hizo karatasi mbili nimeona fare ya Jumanne na Alhamisi kwa miaka mitano.

Na baba? Huyo wa boda nilikutana naye kwa steji. Nilimwambia tu vile mtoto hakulia. Akasema hakuwahi kuambiwa, alikuwa nje ya geti, mlinzi alikataa kumruhusu ndani. Alikaa kimya, akapiga piki teke la kuwasha, akasema atapitia jioni. Wasee, kama kuna kitu mnaweza kufanya hata mkiwa mmesota, ni kuwa hapo na kuuliza. Alilia dakika gani? Mfuko uko wapi? Mbona amelala hivyo siku ya tatu? Mama ako na mshono na usingizi. Wewe uko na mdomo.

Alipitia jioni hiyo kweli, na mkate na maziwa. Tukakaa watatu na hicho kitabu cha kliniki. Kuna ukurasa wa kujifungua, wenye tarehe, uzito, jina la hosi, na pale chini kuna nafasi ya namba ya Apgar, ile alama ya 0 hadi 10 ambayo Daktari Virginia Apgar wa New York aliibuni mwaka 1952 ndio kila mtoto aangaliwe na mtu dakika ya kwanza na ya tano: rangi, mapigo ya moyo, pumzi, misuli, kilio. Ni hiyo namba daktari wa mazoezi alikuwa amemuuliza mathe akashindwa kujibu.

Uzito ulikuwa umeandikwa, kilo 3.1. Tarehe iko. Muhuri uko. Pale pa Apgar, dakika ya kwanza na ya tano, pote hapakuwa na kitu.